Chaja halisi au feki: mwongozo kamili wa kuipima, kuanzia dukani Kariakoo hadi ukutani kwako

Benchi langu la ufundi hapa Tabata halimalizi wiki bila kupokea tatizo lile lile. Tundu la chaji limeungua, au betri imevimba mpaka kioo kimeinuka pembeni, au simu imelala kwenye umeme usiku kucha na asubuhi ina asilimia 60. Nikiomba nione chaja, natolewa kitu chenye jina kubwa la kampuni. Mwenye simu anashangaa, kwa sababu alikuwa makini: aliangalia boksi, akaangalia nembo, akaichomeka dukani, simu ikaonyesha inachaji.

Vitu vyote vitatu alivyoviangalia ndivyo rahisi kuliko vyote kuviiga. Boksi ni karatasi. Nembo ni wino. Na ile alama ya radi kwenye kioo inawaka hata kwa chaja mbovu kupita zote, maana simu ikishapata volti tano tu inaiwasha, bila kujali volti hizo zinafika vipi na zitadumu kwa muda gani.

Kinachomshinda mtu wa feki ni gharama ya vitu vya ndani na usahihi wa umbo. Hapo ndipo tutakapombana. Fuata hatua kwa mpangilio. Tano za mwanzo hazihitaji umeme kabisa, na chaja nyingi za kughushi huanguka hapo hapo.

## Kwanza tuelewane feki ni ipi

Chaja feki ni ile iliyovaa jina lisilo lake. Chaja ya kampuni ndogo inayouzwa kwa jina lake yenyewe siyo feki, hata kama hujawahi kulisikia jina hilo. Inaweza kuwa nzuri au mbaya, lakini haijakudanganya ni ya nani. Kwa maoni yangu, kama pesa haitoshi kununua halisi ya Samsung au Apple, nunua ya kampuni nyingine yenye jina na waranti yake, kuliko "Samsung" ya bei ya kutupa. Mwenye jina lake ana cha kupoteza.

Tatizo limekua zaidi tangu simu za bei kubwa zianze kuja bila kichwa cha chaja: iPhone 12 mwaka 2020, kisha Galaxy S21 mwanzoni mwa 2021. Anayenunua simu ya aina hiyo leo lazima akatafute kichwa pembeni, na pembeni ndiko feki ziliko.

## Hatari yenyewe

Ndani ya chaja kuna pande mbili. Upande mmoja umeunganishwa na umeme wa TANESCO, volti 230. Upande wa pili unakwenda kwenye simu, volti 5 au 9. Kati yake panatakiwa pengo la milimita kadhaa kwenye bodi, na transfoma yenye tabaka za ziada za kuhami. Katika feki nyingi pengo hilo ni chini ya milimita moja. Jasho la joto la Dar, tone la maji, au sisimizi walioingia kutafuta joto vinatosha kuufanya umeme wa ukutani uvuke mpaka kwenye waya ulioushika.

Mwaka 2016 maabara ya UL ya Marekani ilipima chaja 400 za kughushi zenye jina la Apple. Zilizofaulu vipimo vyote zilikuwa 3. Na 12 kati ya hizo 400 zilikuwa na ubovu unaoweza kumuua mtumiaji kwa shoti.

Onyo kabla ya yote: usiifungue chaja kwa bisibisi ili uone ndani. Kapasita kubwa iliyomo, yaani kile kifaa kinachohifadhi umeme, hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa, na chaja iliyofunguliwa haifungiki tena ikawa salama. Vipimo vyote vya hapa vinafanyika ikiwa imefungwa.

## Vifaa unavyohitaji

- Chaja iliyokuja na simu yako, au picha zake za karibu kama imeharibika. Hii ndiyo shahidi wako mkuu.
- Rula ya mwanafunzi yenye milimita.
- Simu ya pili yenye kamera nzuri na tochi, kwa ajili ya kukuza maandishi madogo.
- Mizani ya gramu. Ya jikoni inatosha. Kama huna, muombe sonara wa mtaani, ni kazi ya nusu dakika.
- Waya wa chaji unaouamini, uliokwisha kufanya kazi vizuri na chaja nyingine.
- Mita ya USB. Ni kidude kidogo kinachokaa kati ya kichwa na waya na kuonyesha volti na ampia. Wauzao vipuri vya simu Kariakoo wanavyo. Siyo lazima, ila anayenunulia familia nzima au anayeuza chaja awe nacho.

## Hatua ya 1: Jua unachokitafuta kabla ya kupanda daladala

Anayeingia Kariakoo na kusema "naomba chaja ya Samsung" atapewa chochote chenye neno hilo. Chukua chaja yako ya zamani, elekeza tochi kwenye maandishi madogo, na uandike mambo mawili: namba ya modeli na mstari wa OUTPUT.

Mfano, kichwa cha Samsung cha wati 15 kina modeli inayoanza na EP-TA20, na mstari wake wa OUTPUT unasoma 9V 1.67A au 5V 2A. Kile cha wati 25 kinaanza na EP-TA800. Kichwa cha Apple cha wati 20 kinatoa 5V 3A au 9V 2.22A. Ukiwa na namba hizi mkononi, muuzaji anaona unajua, na mazungumzo yanabadilika.

Jambo moja linalowachanganya wengi: namba 15090, ile ya kutuma IMEI ili kuhakiki simu, haihusiki na chaja. Chaja haina IMEI. Ukiambiwa "imehakikiwa TCRA", anayekuambia hajui au anakudanganya.

Umefaulu ukiwa na: namba ya modeli, volti na ampia, vimeandikwa mahali utakapoviona ukiwa dukani.

## Hatua ya 2: Soma mwili wa chaja, achana na boksi

Omba itolewe nje ya boksi. Piga picha ya maandishi, kisha ikuze. Macho matupu hayatoshi, na mwanga wa maduka mengi ya Kariakoo haukusaidii.

Anza na mstari wa INPUT. Chaja halisi za simu husoma 100-240V na 50/60Hz. Umeme wetu ni volti 230 na 50Hz, kwa hiyo unaangukia ndani ya upana huo. Mstari huo ukiwa haupo kabisa, rudisha.

Sasa njoo OUTPUT, na hapa fanya hesabu. Zidisha volti kwa ampia, utapata wati. Mtego unaokamata watu wengi kuliko wote ni huu: mbele ya chaja kumeandikwa 65W kwa herufi kubwa za kung'aa, halafu ukikuza maandishi madogo unakuta OUTPUT ni 5V 2.1A. Tano mara 2.1 ni 10.5. Hiyo ni chaja ya wati 10 iliyovaa joho la 65. Haihitaji kipimo kingine, imejishtaki yenyewe.

Kisha angalia lugha na uchapaji. Viwanda vikubwa havikosei tahajia ya bidhaa inayotengenezwa kwa mamilioni. Nimeshika mkononi chaja iliyoandikwa "Adaptar", na nyingine ambayo herufi ya mwisho ya jina la kampuni ilikuwa imepanda juu ya zenzake. Kwenye halisi maandishi haya huwa membamba, ya kijivu au hafifu, yaliyonyooka. Kwenye feki huwa mazito, meusi sana, na mara nyingine ukisugua kwa kidole gumba chenye unyevu yanaanza kutoka. Sugua kidogo. Muuzaji wa kitu halisi hatalalamika.

Tafuta pia alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Inamaanisha chaja imehamiwa mara mbili na haitegemei waya wa ardhini. Isipokuwepo, ni sababu ya kutilia shaka. Lakini uwepo wake usikulaze usingizi, na wala alama ya CE isikulaze. Ni michoro tu, na mashine iliyochapa jina la uongo inachapa na michoro hiyo.

Kuhusu stika za kukwaruza zenye namba ya kuhakiki: zitumie, lakini andika mwenyewe anwani ya tovuti ya kampuni. Usiskani msimbo wa QR uliopo kwenye boksi, kwa sababu aliyeghushi boksi anaweza kuweka QR inayokupeleka kwenye ukurasa wake wenye maneno "Hongera, bidhaa yako ni halisi".

Umefaulu ukiona: modeli inalingana na uliyoiandika, hesabu ya wati inakubaliana na tangazo la mbele, na maandishi hayana kosa wala hayafutiki.

## Hatua ya 3: Toa rula, pima pini

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Hakihitaji umeme, hakihitaji ujuzi, na sijui kwa nini hakifundishwi.

Soketi zetu za matundu matatu ya mstatili ni za mfumo wa Uingereza, na plagi zake zina vipimo vinavyojulikana. Geuza chaja, pini zikutazame. Weka rula kwenye ukingo wa nje wa mojawapo ya zile pini mbili za chini, na upime mpaka ukingo wa plastiki ulio karibu zaidi. Inatakiwa isipungue milimita 9.5. Sababu ni kidole chako. Unapochomoa chaja gizani, plastiki hiyo ndiyo inayozuia kidole kisiguse chuma chenye umeme. Wanaoghushi huwa wanabana plastiki ili wapunguze gharama, na chaja nyingi nilizozipima zina milimita 6 au 7.

Endelea kuzitazama pini zenyewe. Zile mbili za chini ziwe na koti la plastiki kuanzia kwenye mwili wa chaja mpaka karibu nusu, kisha chuma kitupu. Ile ya juu, kubwa, kwenye chaja za simu mara nyingi ni ya plastiki yote, na hilo ni sawa, kazi yake ni kufungua vifuniko vya ndani ya soketi. Ila ukikuta pini ya juu ni ya chuma na nusu yake imevalishwa koti la plastiki kama zile za chini, huo ni ushahidi wa kutosha kwamba aliyeitengeneza hakufuata kiwango, maana pini ya ardhini hairuhusiwi kuvalishwa.

Pitisha ukucha kwenye chuma. Pini halisi ni laini, ya rangi moja, isiyo na kingo zinazokwaruza. Kisha shika pini moja moja na uitikise kwa nguvu ya wastani. Isicheze hata kidogo. Pini inayocheza hutoa cheche ndani ya soketi, na zile alama nyeusi unazoziona kwenye soketi za nyumbani mara nyingi zilianzia hapo.

Na zile za pini mbili za mviringo? Wapo wanaozichomeka kwa kusukuma kalamu au kijiti kwenye tundu la juu la soketi. Nakuomba uache, leo. Pini hizo hazikutengenezwa kwa tundu hilo, zinagusa kwa shida, zinapata moto, na siku kalamu ya mtoto itakuwa ya chuma. Nunua adapta ya plagi.

Umefaulu ukiona: milimita 9.5 au zaidi, koti la plastiki kwenye pini mbili za chini tu, hakuna pini inayocheza.

## Hatua ya 4: Uzito na mtikiso

Weka chaja yako halisi kwenye mizani, andika gramu. Weka mpya ya modeli ile ile. Tofauti ya gramu moja au mbili si hoja. Feki mara nyingi huwa nyepesi kwa kiasi kinachosikika hata mkononi, kwa sababu ndani hamna vichujio vya kelele za umeme, transfoma ni ndogo, na kapasita ni moja badala ya mbili.

Usilinganishe modeli tofauti. Teknolojia mpya imefanya chaja kali ziwe ndogo, kwa hiyo udogo peke yake si kosa.

Baada ya mizani, itikise karibu na sikio. Kukilia kitu ndani, iwe kwa sababu kimelegea au kwa sababu wameweka kipande cha chuma cha kuongeza uzito, huitaki nyumbani kwako.

## Hatua ya 5: Mdomo wa USB na waya

Mulika tochi ndani ya mdomo. Chuma kiwe kimenyooka katikati, pini za ndani zikiwa na nafasi sawa. Chomeka waya: uingie kwa ukakamavu kidogo na usining'inie.

Kwa waya wa Apple wa Lightning kuna kipimo cha ziada. Umbali wa kama sentimita 18 kutoka kwenye kichwa cha USB, waya halisi una maandishi hafifu yanayoanza "Designed by Apple in California", yakifuatiwa na mahali ulipounganishwa, kisha namba ya utambulisho ya tarakimu 12 au 17. Maandishi hayo yasipokuwepo, waya huo si wa Apple. Yakiwepo, bado endelea na hatua zinazofuata.

## Hatua ya 6: Ichomeke palepale, na usiondoke haraka

Hapa ndipo aibu inapotuponza. Tunaogopa kumchelewesha muuzaji, tunalipa, tunaondoka, na tukirudi kesho tunaambiwa "vitu vya umeme havirudishwi".

Jumamosi moja nilimsindikiza dada yangu mitaa ya Aggrey. Kijana wa dukani alikuwa mchangamfu kweli.

"Dada, hii og kabisa. Imetoka kwenye boksi la simu."

"Sawa kaka. Nichomekee hapo, naomba niishike kidogo."

"Si unaona inachaji hiyo? Alama imetokea."

"Naiona, mdogo wangu. Nipe dakika kumi tu, hudumia wateja wengine, mimi nipo hapa hapa."

Dakika ya nne, dada aliuvuta mkono. Kichwa kilikuwa kimeshaanza kuunguza, na simu ilikuwa na asilimia ile ile. Kijana hakubisha, alifungua droo nyingine akatoa chaja tofauti, yenye bei mara tatu, na hiyo ikapita vipimo vyote. Maana yake anazo zote mbili, na anayeuliza ndiye anayepewa ile nzuri.

Ukiwa hapo kaunta, angalia mambo mawili tu. Kwanza, maneno kwenye kioo: kama simu yako inatumia chaji ya kasi na chaja inadai ina kasi, kioo kinatakiwa kuonyesha ujumbe wa chaji ya kasi na siyo "inachaji" tu. Ujumbe usipotokea, badilisha waya kwanza kabla hujalaumu kichwa, maana waya dhaifu nao huzuia kasi. Pili, joto, kwa kiganja.

Kununua kwa machinga asiye na soketi si dhambi, wapo wenye vitu vizuri. Ila kwa chaja peke yake mimi singefanya hivyo, kwa sababu huna pa kupimia wala pa kumrudia.

Omba risiti ya EFD, na uombe iandikwe jina la bidhaa. Bila karatasi hiyo, hatua ya mwisho ya mwongozo huu haitakuwa na nguvu.

## Hatua ya 7: Nusu saa ya kwanza nyumbani

Usiichomeke saa nne usiku ukaenda kulala. Ichomeke ukiwa macho, moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Ekstensheni itaingiza matatizo yake katika hesabu. Simu iwe kati ya asilimia 20 na 50, data imezimwa, kioo kimezimwa. Andika asilimia na saa.

Baada ya dakika 30, soma tena. Kwa simu yenye betri ya 5000mAh, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye Tecno, Infinix na Samsung nyingi za mfululizo wa A, chaja ya kweli ya wati 10 huongeza karibu asilimia 20. Ya wati 18 huvuka 30, mradi simu yenyewe inakubali kasi hiyo. Ukipata 7 au 8, chaja inatoa wati 4 hivi, hata kama mwilini imeandikwa 33.

Hesabu yake haina siri. Betri hiyo inabeba takriban wati-saa 19. Wati 10 kwa nusu saa ni wati-saa 5, toa kinachopotea kama joto, ubaki na 4 na kidogo. Gawanya kwa 19.

Sasa ishike. Chaja yoyote hupata joto, na Februari ya Dar, chumba kikiwa na nyuzi 32, hata iliyo nzima itakuwa vuguvugu. Kipimo changu ni kuifumbata kiganjani na kuhesabu hadi kumi. Ukimaliza bila shida, sawa. Ukilazimika kuiachia, zima swichi ya soketi kwanza, ndipo uichomoe.

Ipeleke karibu na sikio. Mlio mwembamba sana unaweza kutoka hata kwenye iliyo nzima, lakini mtatariko kama wa mafuta kwenye kikaango ni umeme unaoruka ndani. Nusa pia. Harufu ya plastiki mpya inaisha siku ya kwanza. Harufu ya samaki walioharibika au ya kitu kinachoungua inasema acha.

Umefaulu ukiona: asilimia imepanda kama hesabu ilivyosema, kiganja kimehesabu kumi, hakuna mtatariko wala harufu.

## Hatua ya 8: Tachi na mwili wa simu

Chaji ikiwa bado inaingia, fungua sehemu ya ujumbe na uandike sentensi ndefu. Herufi zikijiandika zenyewe, au ukurasa ukiruka bila kuguswa, tatizo si kioo. Kioo hutambua kidole kwa kupima mabadiliko madogo sana ya umeme, na chaja isiyo na vichujio humwaga kelele za umeme juu ya vipimo hivyo. Nimewarudisha nyumbani wateja waliokuja kubadilisha kioo, nikawaambia wabadilishe chaja kwanza, na kioo kikapona.

Mtekenyo ni suala la kulielewa vizuri. Ukipitisha vidole taratibu kwenye simu ya chuma inayochaji unaweza kusikia mtekenyo hafifu, hata kwa chaja halisi isiyo na waya wa ardhini, kwa sababu ya mkondo mdogo sana unaopita kwenye kapasita ya kuchuja kelele. Ndiyo maana tester ya bisibisi kuwaka ukigusa simu si ushahidi wa feki, ingawa mafundi wenzangu wengi huitumia hivyo. Lakini ukibanwa, ukirushwa mkono, au mtoto akilia baada ya kugusa waya, hapo hatujadili tena. Zima kwenye swichi.

Kipimo hiki kifanye ukiwa umevaa viatu vikavu, si ukiwa peku kwenye sakafu iliyotoka kudekiwa.

## Hatua ya 9: Mita ya USB, kwa aliye nayo

Bila simu, chaja ya kawaida isome kati ya volti 5.0 na 5.2. Unganisha simu yenye chaji ndogo: volti zisishuke chini ya 4.75. Feki huanza na 5.1 nzuri kabisa, kisha mzigo ukiingia zinaporomoka hadi 4.4, au namba zinachezacheza bila kutulia. Ya chaji ya kasi inatakiwa kuruka hadi karibu 9 ndani ya sekunde chache, kama simu nayo inaikubali. Rudia baada ya dakika 20, maana nyingine hujikaza mwanzoni na kulegea zikipata moto.

## Imefeli. Sasa?

Kufeli hatua ya 3 pekee, au kurusha shoti, au kutatarika, kunatosha: usiitumie tena hata kwa dharura ya umeme unaokaribia kukatwa. Kufeli hatua ya 7 pekee, rudia kwa waya mwingine na soketi nyingine kabla ya kuhukumu.

Rudi dukani na risiti, chaja, boksi na picha ulizopiga. Ongea kwa adabu, onyesha rula na mstari wa OUTPUT. Wauzaji wengi nao walipigwa na aliyewaletea mzigo, na ukiwaonyesha kwa vipimo hubadilisha. Akikataa, bidhaa za kughushi ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Bidhaa isiyofikia ubora ni kazi ya TBS, ambao wapo Ubungo. Peleka chaja yenyewe pamoja na risiti, usipeleke maneno matupu.

Kama hakuna pa kuirudisha, usimpe jirani, usimwachie dada wa kazi, na usiitupe nzima jalalani, kwa sababu itaokotwa, itafutwa vumbi, na itauzwa tena. Chukua koleo, ikiwa imechomolewa, kunja zile pini mbili za chuma mpaka zilale, vunja ile ya plastiki, kisha ukate waya vipande viwili.